Maksai Waliovua Samaki

Mtumbwi wa kijiji chetu ulifika juu ya lori la mahindi, umelazwa kifudifudi na kufungwa kwa kamba za katani. Njia ya kupanda kwetu ilikuwa tope tupu, lori likakwama chini ya kanisa, watu wakaitwa kusukuma. Kwa hiyo siku ya kwanza mtumbwi ule hatukuupanda, tuliusukuma. Waliosukuma walikuwa kumi na mmoja. Wote nawakumbuka kwa majina, na majina ya baba zao, na yupi alipoteza kiatu, lakini humu siandiki jina la mtu, kwa sababu wajukuu wao ndio ninaokaa nao benchi moja kanisani na sitaki Jumapili za kununiana.

Sisi ni watu wa mlimani. Kutoka Karatu mjini kuja kwetu ni mwendo wa asubuhi nzima, kuelekea ukingo ule ambako nchi inakatika na kushuka Mang'ola. Maji tuliyoyajua yalikuwa ya kisima, ya kijito ambacho mbuzi anakiruka, na ya josho la ng'ombe. Ilikuwa miaka ile kila kijiji lazima kiwe na mradi. Akaja kiongozi mmoja kutoka mbali, akapelekwa ukingoni kuonyeshwa mashamba, yeye akaangalia chini kabisa, kule Ziwa Eyasi linakong'aa kama bati jipya.

"Kile nini?" akauliza.

"Ni ziwa, ndugu kiongozi," mwenyekiti wetu wa kijiji akamjibu.

"Mnalitumiaje?"

Mwenyekiti alikuwa mtu mkweli. "Tunalitazama," akasema.

Kiongozi akaandika kitu kwenye daftari lake na akafunga kalamu. Tukapika, akala, akaenda. Mwaka mzima ukapita, tukawa tumemsahau, ndipo lori likaja na mtumbwi. Kumbe siku ile tuliandikwa kuwa kijiji cha wavuvi.

Nanyi mjue kwamba sisi Wairaqw wa zamani hatukuwa tukila samaki. Bibi yangu alimhesabu samaki pamoja na nyoka, tofauti yao aliiona ni ndogo, na kwamba mmoja anaishi majini kwake halikuwa jambo la kumpunguzia kosa. Tulikuwa na watu wazima kijijini ambao hawajawahi kumwona samaki hata kwenye picha ya shule ya Jumapili. Lakini mradi ni mradi. Mtumbwi ukageuzwa, ukawekwa mbele ya ofisi ya kijiji, mvua ikanyesha ukajaa maji, na ng'ombe waliopita pale wakaanza kuunywea. Mimi niliona wazi kuwa hiyo ndiyo kazi yake, na ulifaa sana.

Kukaundwa kamati ya uvuvi. Mume wangu akachaguliwa kuiongoza kwa kura zote, kwa sababu ujanani alikwenda kutafuta kibarua cha pamba Usukumani na akavuka maji kwa pantoni mara mbili, kwenda na kurudi. Hakuna mwingine kijijini aliyekuwa na elimu hiyo. Alirudi nyumbani siku ile anatembea kwa upana.

"Wamenipa ziwa," akaniambia.

"Na shamba wamempa nani?"

Jibu alilijua. Tulikuwa na watoto saba na ekari nne za mahindi na maharage, na maksai wawili wa plau, mmoja mweusi, mmoja wa madoa. Mama yao alikuwa mtamba niliyepewa na baba yangu nilipozaa mtoto wa kwanza. Kwenye mikutano maksai wale walikuwa wa mume wangu. Nyumbani walikuwa wangu, na yeye mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana hakuwahi kulitamka. Plau kwetu ilikuwa kazi ya wanaume. Lakini mwanaume akiwa mvuvi mlimani anakuwa na vikao vingi kuliko anayevua kweli, kwa hiyo msimu ule nilishika plau mimi. Mifereji yangu ya kwanza ilipinda watu wakaja kuitazama. Ya pili ikanyooka, hawakuja tena.

Baada ya wiki kadhaa akaletwa fundi kutoka Ziwa Kubwa, mtu wa Ukerewe, mfupi, mabega kama nguzo za zizi. Akawekwa kwetu kula na kulala. Asubuhi ya kwanza alikwenda ofisini kuutazama mtumbwi, akauzunguka mara mbili, akarudi jikoni kwangu akaketi kwenye kigoda.

"Shemeji," akaniambia, "mmeletewa mtumbwi wa dagaa."

"Dagaa ndio nini?"

Akanionyesha ncha ya kidole chake kidogo. Nikamuuliza mtu mzima anamvuaje mdudu mdogo kiasi hicho, akacheka, akanifundisha. Nilichojifunza kuhusu mitumbwi nilijifunzia pale, nikisonga ugali, na sijawahi kukisahau. Alisema mtumbwi haufanyi kazi zote. Kazi yake inakuwa imeandikwa mwilini mwake, kama mtu wa cherehani na mtu wa jembe unavyowatofautisha kwa mikono. Mtumbwi wa dagaa una miti mirefu inayotokeza pembeni ya kushikia wavu, na vyuma vya kutundikia karabai, maana dagaa hufuata mwanga. Mtumbwi wa makila, yaani nyavu zinazosimamishwa majini kama uzio na samaki akaja akanasa kichwa, nyuma yake unaachwa wazi, misumari yote inagongwa ikalala, mbao zinalainishwa, ili wavu utoke bila kukwama hata uzi mmoja. Mtumbwi wa ndoano una vibao vyenye mipasuko, ndoano mia zinachomekwa kwa mstari, mvuvi akikosea mpangilio anajivua mwenyewe. Na mtumbwi wa kokoro, ule wavu mrefu wa kuburuta, wenyewe ni punda tu. Unabeba wavu, unauzungusha majini nusu duara, kisha watu wa nchi kavu ndio wanaovuta.

"Na Eyasi kuna dagaa?" nikamuuliza.

"Nimesikia kuna kambale na perege," akasema. "Dagaa sijasikia."

"Umewaambia kamati?"

"Karatasi yangu imeandikwa nifundishe dagaa, shemeji."

Wakaushusha mtumbwi Mang'ola kwa lori, kwa barabara ile ya mawe. Kambi ikapigwa kandokando ya ziwa. Kuhusu dagaa sina mengi ya kusema. Karabai ziliwashwa siku tatu, wakapata nondo na mbu, kilo nyingi. Mchungaji mmoja wa Kidatoga alifika na ng'ombe wake asubuhi akawauliza kwa upole wamepoteza nini majini, kama ni mtu au ni mfugo, ili awasaidie kutafuta.

Baada ya hapo fundi akaivunja ile karatasi. Akang'oa miti ya pembeni na vyuma vya taa, akapasua ubao wa kukalia nyuma, akalaza misumari, akaugeuza mtumbwi kuwa wa makila. Huku mlimani tukapewa kazi. Wavu wa makila unataka vitu vyepesi juu uelee, na vizito chini usimame. Vizito tulivifinyanga sisi wanawake, udongo kama mayai ya bata, tukavitoboa na kuvichoma. Vyepesi vilikatwa kwenye ndala. Ndala zote kuukuu za kijiji zilichukuliwa, na baadhi ambazo hazikuwa kuukuu, na kwa miezi miwili watu wetu walikwenda peku ili wavu uelee.

Ukaelea. Kilichokataa ni ziwa. Eyasi unaweza kutembea humo mpaka uchoke, maji yako magotini. Mtumbwi ule ulikuwa na mkuku mrefu chini, uti wa mgongo wa kuukatia mawimbi makubwa ya kwao fundi. Kwetu ulilima. Mume wangu alinieleza kwa uchungu: walishuka, wakaubeba, wakaufikisha penye kina, wakatega, jioni upepo ukaja, wakaubeba kurudi. Walichopata ni samaki sita. "Katika watu na mtumbwi," alisema, "aliyepanda zaidi ni mtumbwi."

Ndipo wakaja kwenye kokoro. Fundi aliunganisha nyavu zote ndefu, katikati akashonea mfuko wa magunia ya mahindi, mbele akafunga kamba mbili ndefu, moja kila upande. Siku ya kwanza ya kuvuta walihitaji watu thelathini. Walikuwa tisa. Wavu ukajaa tope, wakavuta mpaka mikono ikatoa damu, kisha wakauacha, wakaketi. Na hapo mume wangu, ambaye hajui kuogelea, ambaye pantoni ndiyo iliyompa cheo, akapata wazo ambalo fundi wa Ukerewe asingelipata hata angezaliwa mara tatu. Akapanda mlima siku mbili kuja kunieleza.

Nilimwona kwa mbali nikajua anataka kitu, alikuwa amenawa.

"Mama watoto," akasema, "lile kokoro ni plau tu. Tofauti ni kwamba linarudi nyuma."

"Sema unachotaka."

"Maksai."

Niliendelea kupepeta maharage. Alinieleza yote. Mwenyekiti angetoa jozi yake, sisi yetu, kila jozi kamba yake. Yule kiongozi wa ziwa alikuwa anarudi kukagua mradi, kijiji kisipokuwa na samaki mwenyekiti ataonekana mzembe, na yeye mkuu wa kamati vilevile.

"Kule chini kuna ndorobo," nikamwambia. Ndorobo ni yule mbung'o, akimuuma ng'ombe anakonda anakufa. "Na mvua zinakaribia. Wakifa hawa, mimi nalima na nini? Hao watoto saba watakula mkutano?"

"Siku saba tu."

"Na wakichelewa?"

"Hawatachelewa."

"Basi nitakwenda nao mwenyewe," nikasema, "na siku ya saba nitarudi nao mwenyewe."

Alifikiri ninatania. Kesho yake watoto nilimwachia dada yangu, nikafunga nira, nikawaswaga maksai wangu kushuka Mang'ola. Mwenyekiti akaja nyuma na jozi yake, wekundu wawili wanene, waliokuwa sifa ya kijiji.

Fundi alipotuona tunatokea vumbini na ng'ombe wanne waliofungwa nira, alivua kofia akaishika kifuani.

"Shemeji, nimevua miaka ishirini," akasema. "Nimevua na Wakerewe, na Wajita, na Wajaluo. Sijavua na ng'ombe."

"Na wao hawajavua na wewe," nikamwambia. "Msalimiane."

Akaanza kuupanga upya mtumbwi, mara ya pili sasa. Mkuku wote akaupunguza kwa msumeno mpaka chini ukawa karibu bapa. Mlingoti na tanga akavilaza nchi kavu. Wavu ukalundikwa nyuma kwa mikunjo, wa mwisho kutoka ukiwa chini kabisa. Kamba ya kwanza ikabaki ufukweni imefungwa kwenye nira ya mwenyekiti. Mtumbwi ukaenda ukimwaga wavu, ukazunguka, ukarudisha ncha ya pili, nami nikaifunga kwenye nira yangu kwa mnyororo wa plau. Kisha mtumbwi ukarudi nyuma ya wavu, kazi yake kuufuata mfuko na kuukwamua ukishika gogo.

Nikawaambia maksai wangu waondoke, nao wakaondoka kama wanaanza mfereji. Hawakuuliza kwa nini shamba leo limelowa.

Kwa kweli ilifanya kazi. Sipendi kusema hivyo mpaka leo. Mfuko ulipofika kwenye maji ya kifundo cha mguu, tope lote lilianza kucheza, kambale weusi wenye sharubu, perege wanaruka wanang'aa. Watu wa kamati ya uvuvi, wanaume wazima wa kamati, wakakimbia. Mmoja alipanda kichuguu na hakushuka mpaka fundi alipoapa kwamba samaki hafuati mtu. Fundi alikuwa peke yake majini, anacheka na kuwatupa nje kwa mikono miwili. Baadaye alinikaangia kipande cha perege. Nilikishika muda mrefu. Nikamwomba bibi yangu msamaha kimoyomoyo, nikala, na nikawa na bahati mbaya ya kukiona kitamu.

Siku zikaenda hivyo. Habari zikafika Karatu mjini, mfanyabiashara mmoja wa duka akawa anashusha gari kuchukua kambale waliokaushwa. Kila jioni niliwakagua maksai wangu mmoja mmoja, masikio, macho, kinyesi. Nilifukiza moshi wa samadi kuzuia ndorobo, mpaka fundi akalalamika kwamba yeye ndiye anayekufa. Siku ya saba ikafika, nikafungua nira niondoke.

Mwenyekiti akaja mbio. "Ayo," akaniita kwa heshima, kwa kwetu ndiyo mama, ingawa yeye alinizidi miaka kumi. "Kiongozi anakuja kesho. Kesho tu."

Kesho hakuja. Kesho kutwa asubuhi nilitazama juu, nikaona mawingu yamekaa ukingoni, meusi, yameshuka mpaka kwenye miti. Huko ndiko shamba langu liliko. Mvua ya kwanza ikilowesha udongo wetu, una siku chache za kupanda, ukizikosa mahindi yako yanakuja kukutana na baridi kabla hayajakomaa. Na kutoka pale mpaka nyumbani ilikuwa siku mbili za kupanda mlima.

Nikiwa nafunga mzigo, gari la kiongozi likatokea.

Mwenyekiti alikuwa amejiandaa kuliko nilivyojua. Kwa kuwa fundi alitaja njia nne za kuvua, aliona mgeni lazima azione zote nne. Alfajiri, fundi akiwa bado anasukutua, alikuwa ameagiza kila kilichong'olewa kirudishwe. Miti ya dagaa ikafungwa pembeni, karabai zikatundikwa mchana kweupe, mlingoti ukasimamishwa na tanga lake, makila yakaning'inizwa na ndala zake, na mbele vikawekwa vibao vya ndoano vya fundi, ambavyo havikuwa vimetumika hata siku moja, zote mia zimechomekwa. Mtumbwi ukawa kama mchuuzi wa mnadani aliyejitundika duka zima mwilini. Fundi alipouona aliketi chini.

"Huo hauvui kitu," akaniambia. "Huo unatembea uchi na nguo zote mkononi."

Kiongozi akafurahi sana. Akataka kupanda. Akapandishwa, suti, daftari na yote, akakalishwa katikati pamoja na mume wangu na fundi, makasia yao yakigonga karabai. Upepo ukawa umeanza, na mwenyekiti akaogopa mtumbwi wenye tanga usije ukampeleka mgeni Meatu, ng'ambo ya pili. Kwa hiyo mume wangu, mtu wa plau, akautia mtumbwi mnyororo wa plau, akaufunga kwenye mfuko wa kokoro. Fundi alikuwa amewafundisha kwamba kati ya mtumbwi na wavu hakufungwi kitu ambacho hakifunguki kwa kuvuta mara moja. Lakini plau inayofunguka kwa kuvuta mara moja ni plau mbovu, na mume wangu alifunga vitu vizuri.

"Ayo, mzunguko mmoja tu," mwenyekiti akaniambia. "Mmoja, halafu uende zako na baraka."

"Nafasi ya kupanda ikinipita, baraka zako zitaota?"

"Mmoja."

Nikavuta. Yeye na wekundu wake upande ule, mimi na wangu upande huu. Wavu ulikuwa mzito kwa sababu nyuma yake ulikuja mtumbwi na njia zote za kuvua samaki. Tukawa katikati, maji ya magoti, mgeni anapunga mkono. Na hapo radi ikapiga kule juu, mbali, na upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa. Maksai wangu wakainua vichwa wote wawili kwa pamoja.

Mlimani tuna neno tunalomwambia maksai mfereji wa mwisho wa siku ukiisha. Halina maana nyingine, ni la jioni tu, na akilisikia anajua kazi imekwisha, anashika njia ya zizini na hangoji mtu.

Watu wote walisema ng'ombe walishtuliwa na radi. Nimewaacha waseme hivyo miaka yote hii, mpaka mwenyekiti akazikwa akiamini hivyo. Haikuwa radi. Neno lile niliwaambia mimi.

Walikwenda. Hawakukimbia, maksai wa plau hakimbii, anaamua. Wekundu wa mwenyekiti walipoona wenzao wamekata shauri wakafuata, na yeye akawafuata wekundu wake, kofia mkononi. Wavu ukatoka majini na samaki wake. Nyuma ya wavu ukaja mtumbwi, ukapita matope, ukapita majani, tanga limejaa upepo, likisaidia. Chini ulikuwa bapa, fundi mwenyewe aliukata vizuri, kwa hiyo uliteleza bila shida. Karabai zinagongana. Fundi aliruka mapema. Mume wangu alibaki na mgeni, maana ndoano zilikuwa zimeshika suti ya mgeni mahali pawili, na yeye kama mkuu wa kamati aliona vibaya kumwacha.

Waliposimama, walisimama penye mteremko wa kwanza, nchi kavu kabisa. Nilikwenda nikafungua mnyororo wa kamba yangu. Suti ya mgeni ikakatwa kwenye ndoano kwa kisu, naye akashuka taratibu, akajipangusa, akautazama mtumbwi, akaitazama njia ulikopita, na mtu wa madaraka hawezi kuonekana hajui kilichotokea.

"Kwa hiyo unajirudisha wenyewe," akasema.

"Ndiyo, ndugu kiongozi," mwenyekiti akajibu, anahema.

"Wavuvi hawashuki majini kuusukuma."

"Hawashuki."

Akaandika. Baadaye tulisikia tumesifiwa kwenye kikao fulani kama kijiji kilichopunguza kazi ya mvuvi. Mimi sikungoja. Nilikuwa nimeshaingia kwenye miti ya njia ya kupanda, maksai wangu mbele.

Tulipanda siku mbili kwenye mvua. Yule mweusi hakula siku ya pili, akawa anasimama na kuinamisha kichwa, nikajua ndorobo wamempata, na kila aliposimama nami nilisimama, sikumpiga. Nilimwimbia, nilimtukana, nilimbebea nira yake begani. Tulifika nyumbani jioni, nikamwekea majani ya mahindi mbele ya pua, akayaangalia muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko uchungu wa uzazi. Kisha akala. Siku ya tatu akaingia kwenye plau. Nikapanda ekari zote nne, mistari imenyooka, dada yangu akinifuata na mbegu.

Mume wangu alirudi wiki moja baadaye na furushi la kambale wakavu. Akalitundika darini, akaketi. Tuliongea habari za watoto, za mvua. Mwishowe akaniuliza bila kunitazama:

"Ng'ombe walishtuka, au?"

"Wewe ulikuwa kwenye mtumbwi. Ulionaje?"

"Nilikuona midomo inacheza."

"Nilikuwa nasali," nikamwambia.

"Sala fupi," akasema. Na kwenye mkutano wa kijiji, alipoulizwa kama mkuu wa kamati, akasimama akaeleza kwa kirefu habari za radi.

Mwenyekiti hakuwarudisha wekundu wake. Baada ya sifa zile aliona aibu kupunguza nguvu ya mradi, akawaacha ziwani waendelee kuvuta. Mmoja alikufa kabla ya mahindi yangu kufika magotini. Wa pili aliletwa mpaka nusu ya mlima. Naye shamba lake lilikuwa bado halijaguswa, la mama mkubwa wa mke wake vilevile, maana walikuwa wakilimiwa na jozi ileile.

Akaja kwangu asubuhi moja, mapema, peke yake. Nilimpa kiti na uji. Akaunywa wote ndipo akaanza.

"Ayo, nimekuja kuomba maksai."

"Umekaribia," nikasema. "Zamu yako ni ya nne."

"Ya nne?"

"Wajane watatu walitangulia. Wa tatu ni yule wa nyuma ya kisima, ana ekari moja na hana wa kumshikia plau."

Alikitazama kikombe kitupu. Nje mvua ilikuwa imekatika, na kila siku ya jua ilikuwa inamkausha yeye, nami nililijua, naye alijua ninalijua. Nilingoja aniambie habari ya cheo chake.

"Basi wa tatu nitamlimia mimi," akasema, "ili zamu ifike upesi."

Akamlimia. Nilikwenda kuangalia maksai wangu wasije wakachoshwa, nikakuta mifereji imekaa sawasawa, udongo umegeuka wote, pembeni hakuacha hata kipande. Alikuwa mkulima hodari sana yule mtu, na tulikosea tu kumpa ziwa.